Kitenzi Kilichobaki

Damu ilipomgandia kichwani, baba
alirudi kutoka hospitali ya Russia
na mguu mmoja wa kukokota
na kitenzi kimoja.
Fanya.

Fanya, akionyesha dirisha: lifunguliwe.
Fanya, akionyesha kikombe.
Fanya, akionyesha redio, na mama
hajui aizime au aongeze sauti.

Huyu ndiye Fundi Agola wa Kibuye,
aliyemfukuza Odoyo kazini siku nzima
kwa kusema, "Mzee, nimekata."
"Kukata hata panya hukata!
Umepasua? Umekereza?
Au umetema tu, kama kuni?
Mbao ina haki ya kujua jina la maumivu yake."

Na nyumbani hatukuruhusiwa kula tu.
Mahindi tuliyatafuna,
mgongo wazi tuliuguguna mpaka mfupa ukalia,
na nyanya, meno yakiwa yamemwisha, alimung'unya.
Atakayebugia uji, kibao.

Daktari Mmbone alinieleza taratibu
kwamba maneno membamba hukatika kwanza,
manene hubaki.
Nilimshukuru. Nikatoka nje, nikalia.
Baba wa zamani angenisimamisha hapo hapo:
umelia vipi?
Nilisinasina, baba,
nimeegemea ukuta wa maabara,
watu wakipita na chupa zao za mkojo.

Jumamosi nilimletea randa yake
na kipande cha saiprasi chenye fundo.
Odoyo alishikilia. Mkono wa kulia wa baba
ulikuwa umelala pajani;
wa kushoto, uliozoea kushikilia tu,
ukateleza, ukarudi, ukateleza,
na utepe mwembamba wa mbao ukajiviringa
ukamwangukia gotini.

"Fanya," akasema,
kwa sauti ya mtu anayehesabu pesa zake.

Odoyo, ambaye miaka yote
hakuwahi kulipata neno,
akamnong'oneza: "Umeranda, mzee."

Baba akamkazia macho. Akatikisa kichwa.
Akagusa lile fundo,
pale ambapo chuma kilikuwa kimesita
kisha kikapita kwa hila, kwa ubavu,
bila kuchana.
Hapo, kumbe, si kuranda.
Hapo pana neno lake.

Tumekaa watatu, vumbi la mbao likitua kwenye chai.
Mmoja wetu analijua.