Paa la Shevrole

Boneti aliinyoosha Semhando kwa nyundo ya mbao,
miezi minne, nyuma ya Tangamano.
Bampa zilikwenda Mombasa kupakwa nikeli. Rangi,
feruzi yenye mstari wa maziwa ubavuni,
aliichanganya kijana mmoja wa Makorora
ambaye hadi leo hataji kipimo.
Paa nimelishona mimi.

Semeni yote, lakini na hilo mliseme.

Lilikuja na Mgiriki wa mkonge, mwaka hamsini na sita.
Bei ya mkonge ilipoanguka, Mgiriki akaondoka, gari likabaki
stoo ya Pongwe, kuku wakiatamia kiti cha nyuma.
Mimi nililetewa fremu tupu,
mbavu za ng'ombe aliyekufa kiangazi,
na kipande cha turubai, ukubwa wa kiganja,
ili nijue lilivyokuwa.

Nimezoea maturubai ya malori, mahema ya harusi.
Nikakata kwanza mifuko ya saruji,
nikapima, nikakosea, nikapima.
Uzi niliupaka nta. Sindano zilivunjika sita.
Mshono wa juu ya dereva niliumaliza usiku, umeme umekatika,
mume wangu akishika tochi na kusinzia,
mwanga ukipanda na kushuka pamoja na kidevu chake.

Siku ya kulitoa, Ngamiani ilisimama.
Baiskeli zilijipanga Barabara ya Kumi na Mbili.
Bwana Mweta, yule wa chokaa, akavaa miwani,
akavuta swichi, na paa langu
likajikunja, likajikunja tena,
likazama nyuma ya viti.
Hapo ndipo watu walipopiga makofi.

Tangu siku hiyo halikuinuka.
Raskazone wazi. Harusini wazi. Mazikoni, jamani, wazi.
Semhando ana mikono, wanasema.
Nami naanika nguo huku natazama mawingu upande wa Muheza,
kama mdai anayemsubiri mdeni wake.

Jumanne ikanyesha. Hata ngurumo haikutangulia.
Gari lilikuwa mbele ya posta, naye akipapasa swichi na kulaani;
paa likatoka, likanyooka, likakaza,
wala hapakuwa na kunyanzi.
Nikaacha fungu langu la bamia kwa muuzaji, nikavuka.
"Ingia, mama, unalowa," akasema. Hakunijua.
Nikaingia.

Ndani palinukia ngozi mpya na, kwa mbali, kuku.
Mvua ililipiga turubai kama inalidai jina.
Hatukuongea.
Kisha tone moja, gotini kwake.
Baada ya muda, la pili.
Akainua macho kutafuta. Mimi sikutafuta:
ni pale kidevu kiliposhuka, tochi ikamulika sakafu,
nami nikaendelea kushona kwa kubahatisha.

"Linavuja," akasema.
"Ni mishono mitatu," nikamjibu.
"Hiyo mingine elfu nne, hujaiuliza."