Wakili wa Matetea

Miaka thelathini na moja nilitetea watu
katika mahakama ya Carrick, penye paa linalovuja:
wezi wa kondoo, walevi wa Jumamosi,
ndugu waliogombea shamba lisiloota ila manyasi.
Nilipostaafu nikadhani nimemaliza kutetea.

Ndipo Fintan Mulvey aliposhusha mlangoni pangu
sanduku la mashine ya kufulia, limetobolewa matundu,
na ndani yake matetea saba wa wiki kumi na mbili,
shingo ndefu, macho ya shaka,
miguu mikubwa kama viatu vya kuazima.
"Haya, Attracta," akasema, "subira tu."
Hata gari hakulizima.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Hawa hawakuwa nayo. Kamba ilikuwa mguuni mwangu.

Siku nne niliwafungia ndani
wajue pa kurudi mvua ikianza,
ingawa hapa Leitrim mvua haianzi. Inaishi.
Banda lilikuwa chumba cha makaa cha marehemu baba.
Nikaziba kila upenyo kwa matambara,
nikajiona mwenye huruma.
Fintan akaingiza pua, akaitoa upesi:
"Baridi haiwaui hawa. Pumzi zao wenyewe zitawaua."
Tukakata dirisha juu kabisa, chini ya paa,
upepo upite juu ya vichwa bila kugusa migongo.
Tukamwaga maranda makavu, kiganja kizama chote.
Tukapigilia ufito mpana, bapa,
walale vidole vimefunikwa na manyoya,
nao uwe juu kuliko viota,
maana kuku hulala pa juu kuliko pote anapopafikia,
na anayezoea kulala kiotani
yai lake litakuja kuzaliwa kwenye kinyesi.

Chakula nilinunua mwenyewe:
gunia lenye picha ya yai,
kwa kuwa mimi ni mtu wa kufuata ushahidi.
Fintan akalikalia kama hakimu.
"Hiki ni cha wanaotaga. Chokaa yote hii
itakwenda wapi, na bado hawajengi ganda?
Itakwenda kwenye figo."
Nikarudi dukani kuchukua cha kukuzia,
na bakuli la changarawe, meno ya wasio na meno,
na maji, kila saa maji:
wanakunywa kama mashahidi waongo.

Sikuwapa majina, isipokuwa mmoja,
Mzembe, aliyeingia mwisho kila jioni,
akisimama kizingitini kana kwamba amesahau kitu.

Jioni moja ya Septemba nilikuwa kwenye simu
na dada yangu wa Sligo, tukimsengenya mumewe.
Nilifunga mlango nusu saa baada ya giza.
Nikahesabu sita.
Nikahesabu tena, polepole, kwa kidole. Sita.

Asubuhi, manyoya kando ya ua wa miiba.
Nikatafuta wa kumshtaki.
Mbweha alikuwa na njaa,
na njaa nimeitetea mara nyingi, nikashinda.
Akabaki mshtakiwa mmoja, amevaa buti za mpira.
Hakuwa na la kusema.

Oktoba undu wa yule mweusi ukaiva.
Nikimgusa mgongo, anachutama.
Na alfajiri moja, makelele bandani.
Nikatoka mbio na nguo ya kulalia,
nikidhani mbweha amekata rufaa.
Kumbe ni yeye, kando ya kiota, anatetea,
te-te-te-tee, te-te-te-tee,
sijui akimtetea nani,
kwa shauku ambayo sikuwahi kuwa nayo
hata kwa mteja aliyelipa taslimu.

Lilikuwa dogo, lina mstari wa damu, lina joto.
Nilimpelekea Fintan ndani ya soksi.
Akaligeuza, akaligonga kwa ukucha.
"Sasa," akasema, "lile gunia la kwanza, lifungue."

Panya walikuwa wameshalifungua.