Othman, tazama Mize

Wete, chumba cha juu ya duka la saruji.
Saa tatu na robo, feni imekata tamaa.
Nimekata kadi kutoka kalenda ya mwaka juzi,
saba na nusu kwa kumi na mbili na nusu,
nyuma bado zasomeka Mfungo Mosi, Mfungo Pili.

Kanuni ni hii, nikawaambia:
jina la mwisho hutangulia,
kisha mkato, kisha mengineyo.
Kombo akaandika. Shaame akaandika.
Mize Faki Othman akalaza kalamu.

"Mwalimu, huyo Othman ni babu yangu.
Hakuandika hata barua.
Mkiita jina lake ataitika yeye,
na yeye tushamzika."

Wakacheka. Nami nikacheka,
kisha kicheko kikanikwama:
miaka kumi na tisa nafundisha mkato ule
na sijamuuliza mtu
huitika kwa lipi.

Nikakimbilia somo jingine, kama afanyavyo mwalimu aliyeshikwa.
Nikatoa daftari lisilo jalada,
hati za Kiarabu, maneno ya kwetu:
dawa ya degedege, dua ya safari,
pishi ngapi za karafuu anadaiwa nani.
Liwekwe wapi?
Tiba, akasema Kombo. Hesabu, akasema Shaame.
Nikawaambia kitabu hulala pahala pamoja
lakini huitwa kutoka pahala pengi,
ndiyo maana ya kadi.

Na mwandishi?
Ukurasa wa mwisho, kwa wino uliopauka:
*ameandika haya mja mnyonge.*
Kombo akakuna kichwa.
"Sasa hapo jina la mwisho ni Mnyonge?"

Mtihani unatoka Unguja mwezi ujao.
Utataka mkato. Wapeni mkato,
msije mkafeli kwa ajili yangu.
Lakini kadi za sanduku hili la viatu,
sanduku letu,
ziandikeni kama watu wanavyoitana mlangoni.

Adhuhuri wakatoka, nikabaki nazipanga.
Kwenye M nikaikuta ya Mize, majina matatu,
yamenyooka kama alivyopewa.
Kwenye O kulikuwa na nyingine, mwandiko uleule,
sikumwagiza:

Othman, Mize Faki
*tazama* Mize Faki Othman

Mzee kapata kadi yake.
Kazi yake kukaa pale,
mgeni akija kumuuliza,
amwoneshe kwa mjukuu.