Taarifa ya Katibu

Ndugu mwenyekiti, wanachama kumi na mmoja
mliobaki tisa,
mwaka ulianza na mvua.
Januari akidi haikutimia: mimi, daftari,
na Mwalimu Chilumba aliyekuja kuulizia mwavuli wake.
Niliandika hivyohivyo. Kumbukumbu ni kumbukumbu.

Februari tukatafuta reli.
Kila mtu Nachingwea anajua reli ilikuwepo,
ya karanga, ya Wazungu na lile pori
lililowavunjia matrekta;
kila mtu anajua, na hakuna aliyeiona.
Tulilifuata tuta kuanzia nyuma ya ghala la ushirika.
Kufika kwa akina Mnali, limepandwa mbaazi.
"Hapa maji hayatuami," akasema mama mwenye shamba,
"Mungu alipainua kwa ajili yetu."
Hatukubisha.
Aliahidi kisado zikikauka, akakileta Agosti;
kimo kwenye mapato.

Mwezi wa nne, Bi Esha Mkwanda,
aliyekuwa msichana wa kubeba maji kambini.
Mimi nilishika simu, Zuhura akasoma maswali:
Meneja aliitwa nani? Na mhandisi je?
Bibi akakigeuza kigoda chake, akatupa mgongo.
"Mnanijia na majina ya waliokuja wakaondoka.
Hakuna anayeuliza nani alikunywa maji yangu."

Tukauliza.
Akahesabu kwa vidole, vikamwishia,
akaazima vya Zuhura, akiviminya kimoja kimoja.
Majina kumi na tisa.
Saa nzima na dakika kumi.
Mwezi wa sita mwanangu akafuta yote:
alitaka nafasi ya singeli.
Hili naliandika kwa mkono wangu, wala silikati.

Tulirudi na sukari kilo mbili.
Akapokea sukari. "Majina nilishawapa," akasema,
"bomba halitoi maji yaleyale mara mbili."
Njiani Zuhura alikuwa kimya, viganja wazi,
kisha akaanza: hiki ni Kopo.
Hiki Sita. Hiki bin Nandonde, wa Ruponda.
Hiki ni yule aliyekuwa anacheka kabla ya kunywa.
Tisa tumeyapata.
Kumi ya mwanzo yamebaki kwenye vidole vya mwenyewe,
navyo juzi nimeviona vikichambua mchicha.

Julai ni ule ugomvi. Ndugu Mpelumbe alisema
treni ya mwisho iliondoka sitini na mbili,
Ndugu Abilahi akasema sitini na tatu,
kwa kuwa yeye alizaliwa siku hiyo na mama yake
alisikia honi.
Mpelumbe akauliza kama mama ndiye alikuwa dereva.
Ufunguo wa kabati uliondoka naye.

Septemba tulialikwa shule ya msingi.
Tulikuwa na msumari mmoja wa reli kwenye kitambaa,
na picha moja ya watu wasiotazama kamera.
Mtoto wa darasa la tatu akanyosha mkono:
"Sasa reli yenyewe ikoje?"
Mwalimu Chilumba akachora ubaoni, akafuta,
akachora tena, mguu mpana, kichwa kinene,
na kule nje kiranja akagonga kengele ya mapumziko.

Chaki ilibaki hewani.
Miaka thelathini na moja amefundisha pale.
Zamu yake ikifika, huigonga yeye.
Tulitoka wote, watoto wakitupita mbio kwenda uji,
tukaitazama inavyoning'inia kwa mnyororo kwenye mkorosho,
kipande kirefu kama wao,
bado kinatetema.

Oktoba, Novemba: hakuna kikao.
Historia haina mnada, korosho zinao.

Fedha: shilingi elfu arobaini na moja na mia tatu,
toa sukari.

Mengineyo.
Mwenye ufunguo aurudishe, hatutamuuliza mwaka.
Mwenye babu aliyeitwa Kopo
kwa sababu karani alishindwa kuandika jina lake,
afike Jumamosi saa tisa, ghalani, mlango wa nyuma.
Aje na jina lenyewe, kama bado lipo kwao.
Akiwa hanalo, aje vivyo hivyo.
Kidole kipo.

Mwavuli wa Mwalimu bado haujaonekana.