Diski ya Kushoto

Nati nne zilifunguka kwa matusi,
ya tano ikaondoka na stadi yake,
tak! kama kuni kavu ya mkarafuu,
na spana ikanigonga goti.
Ngwali akacheka. Nikamwacha acheke:
kijana wa miezi miwili gereji hajui bado
kuwa chuma hakikatiki bure,
kuna mtu alikikaza.

"Nani alifunga tairi hii?"
Bi Time Khatib kakaa juu ya ndoo ya oili,
pindo la buibui limeshika mchanga wa Tumbe,
anahesabu magunia ya mwani kwa vidole.
"Mwenyewe," akasema. "Asubuhi ile ya kuondoka.
Alitia bomba la maji kwenye spana, akapanda juu
kwa miguu miwili. Akanambia:
hii haitolegea mpaka nirudi."
Hakusema miaka mingapi.
Kutu ilisema.

Maana gari hii huingia majini.
Bamvua likikupwa huteremka nayo mpaka kwenye kamba,
ikarudi inachuruzika,
na chumvi imepanda ringi, imelala kwenye habu,
imeiozesha diski bila mahari wala shahidi.

Nikaigonga. Nyundo ya mpira: haikusikia.
Nyundo ya kilo mbili: iliitika kama kengele ya skuli
na ikakaa pale pale.
Nikamimina dizeli, nikenda kuswali adhuhuri,
nikarudi, ipo.
Nikaipasha moto; ikatoa moshi
wenye harufu ya pwani.

Ngwali keshashika tindo.
"Weka chini. Usipasue kitu hujakisoma."
Nikaisugua uso kwa brashi ya waya
mpaka yakatokeza: matundu mawili madogo,
yana hesi, yanatazamana, hayashiki kitu.
Tazama, Ngwali. Aliyeiunda, huko kwao,
alijua siku hii itafika.
Siku ya kufunganisha
aliacha na mlango wa kuachana.

Bolti mbili za spana kumi na mbili.
Robo huku, robo kule,
zamu kwa zamu, kama wakewenza wenye adabu.
Hazivuti. Zinaisukuma habu kifuani.
Diski ikalia mlio mwembamba,
ukoko mwekundu ukanimwagikia ndarani,
halafu ikaniangukia mapajani, nzito,
kama mtoto aliyepitiwa na usingizi.

Bi Time akainuka. Akaitazama habu ile tupu
kwa muda.
Nikajifanya natafuta washa.

Stadi zote tano nilizitoa, kwa nyundo, zikarudi nyuma,
hata zilizoonekana nzima:
moja ikikatika, nyenzake zimeshachoka
kwa kuubeba mzigo wake kimya kimya.
Mpya zilikuja na boti kutoka Unguja, zimefungwa gazeti.
Unazungusha habu mpaka pale bati la vumbi limekatwa,
unaipenyeza kwa nyuma; washa nne, grisi kidogo,
nati unaigeuza kichwangomba
na unavuta, pole, pole,
mpaka meno yaume chuma,
mpaka mkono wenyewe useme basi.
Hilo halina kitabu.
"Stadi huingizwa na stadi," akatania Ngwali,
na jioni ile nikamnunulia pweza.

Tairi nikaifunga kwa nyota, mkono mtupu, bila bomba.
"Si italegea?"
"Ikilegea tutaikaza. Nenda maili hamsini, kisha uje."

Akalipa nusu. Nusu, mwani ukinunuliwa.
Akaziomba stadi mbovu, zote tano na kile kipande.
Nikamfungia kwa kitambaa safi, nikasema taratibu,
"Kumbukumbu si kitu kibaya."
"Kumbukumbu!" Akanitazama kama nimelewa jua.
"Kamba zangu zinaelea, fundi. Nataka vizito."

Maili hamsini zimepita zamani.
Jana nilimwona akiteremka Machomane mbio mbio,
honi moja, mkono nje ya dirisha,
breki haina hata mlio.
Nusu yangu bado.