Kongosho, si Korosho

Nilidhani muuguzi kakosea herufi.
Newala, mwezi wa kumi,
nani aanzaye na ko-
asimalizie rosho?
Lakini karatasi ilisema kongosho,
chini yake neno geni, laipesi,
kisha namba: 1,184.
Pembeni, kwa maandishi madogo kama ya kuomba radhi:
kawaida, isizidi 60.

Mimi ni karani wa mizani, chama cha msingi.
Gunia likizidi napunguza,
likipungua namwita mwenye mali aone mwenyewe.
Nikaigawa ile namba kichwani, nimesimama:
karibu mara ishirini.
Nikashika ukuta.

Shangazi Somoe alilala ubavu,
amejikunja kama korosho yenyewe.
Maumivu yanaingilia chembe cha moyo,
yanatokea mgongoni.
Nje, kwenye mabenchi, kesi ilishakwisha:
"Nipa hiyo."
"Nipa gani, mtu wa swala tano?"
"Basi huinywa usiku."

Nandonde wa maabara hakuwa na haraka.
Aliushika mkono wa shangazi, akaugeuza:
ncha za vidole nyeusi, zimebabuka,
miaka ishirini ya kubangua.
"Nini kilikuchoma?"
"Mafuta ya ganda."
"Yakiwa bado ndani ya ganda?"
"Yakiwa ndani hayana neno na mtu."
"Basi umeshajibu.
Nyuma ya tumbo lako kuna kiwanda kidogo,
kinatengeneza maji makali ya kuyeyusha mafuta ya chakula.
Yana njia yake, mpaka utumboni, ndipo yanaamka.
Safari hii yameamkia nyumbani,
yanamla aliyeyatengeneza.
Mengine yamevujia damuni.
Hayo ndiyo tuliyoyahesabu."

Nikauliza swali la karani:
mara ishirini, ina maana anaumwa mara ishirini?

"Hapana. Namba hii si mizani, ni kengele.
Inasema moto upo.
Haisemi zimeungua nyumba ngapi,
wala nani kawasha kiberiti."

Sikuipenda kengele yake.
Nimezoea namba inayomaliza ubishi,
naiandika kwenye stakabadhi, mtu anakwenda zake.

Siku ya tatu ikashuka: 410.
Nikakimbilia wodini kama niliyesikia bei ya mnada.
Shangazi ana homa, midomo imekauka,
dripu inadondoka tone kwa tone.
Namba imeshuka, yeye hajapanda.
Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa
nikaikunja karatasi mara nne.

Ikaja ultrasaundi.
Kijiwe cha nyongo, si kikubwa kuliko punje ya choroko,
kimekaa mlangoni pa njia.
Choroko!
Nikatoka nikawaambia watu wa mabenchi.
Wakasema, "Alaa,"
wakahamia kesi ya mwingine.

Jumamosi aliomba uji, mwepesi, bila sukari.
Kijiwe bado kipo; tumeandikiwa barua ya kwenda Ndanda,
na daktari hakuahidi kitu.
Alikunywa vijiko vitatu, akapumzika.
"Hivi ile namba yangu ilikuwa ngapi?"
"Elfu moja mia moja themanini na nne."
Akafikiri.
"Zingekuwa kilo, kwa bei ya mnada wa kwanza,
tungelipwa ngapi?"

Nikatoa kalamu.
Kabla sijafika kwenye makato
alishaanza kucheka, mikono miwili tumboni:
"Acha, mwanangu, acha,
usinichekeshe, bado panauma."