Pampu ya Kiluwa

"Shika hapa," anasema Kiluwa,
nami naweka kidole kwenye shingo ya pampu.
Ya moto. Na jua halijaigusa tangu asubuhi;
imelala chini ya benchi, kivulini,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.

"Umeipikia wapi?" namtania,
ingawa mimi ndiye mwalimu wa fizikia.
"Mikono tu," anasema. "Mikono na hewa."

Kazi imeingia, joto limetoka.
Ubaoni ningeimaliza kwa mstari mmoja:
kanieneo mara ujazo,
jotoridi ng'ambo ya pili, sawasawa,
chaki ikwaruze, Kidato cha Sita wanakili.
Ningewaambia: chukulieni chembe
zisizo na unene, zisizojuana,
zinagongana, zinapishana,
hakuna "hujambo", hakuna "za tangu jana".

Lakini hapa hata spoki haikazwi
kabla mama hajaulizwa hali yake.
Anapita muuza kahawa, anasimama.
Anapita Mwanamkuu, anakokota
baiskeli ya marehemu mumewe.
Gurudumu la mbele limelala toka arobaini,
la nyuma bado lina kidogo.
"Nataka ibebe mikate," anasema, basi,
na sote kwenye benchi tunasogea
kidogo upande wake.
Gesi kamilifu haijawahi kupanga chumba Ngamiani.

Kiluwa anabonyea mpira wa nyuma.
"Huu nao umechoka, tunabadilisha."
Mkono unakwenda kwenye vali.
"Ngoja," anasema Mwanamkuu.
"Hii alijaza mwenyewe."

Hakuna anayecheka.
Anachuchumaa, anakinga kiganja.
Fyuuu.
Inatoka baridi, kama hewa yoyote inayotanuka,
ninajua kwa nini,
ningeweza hata kuwaeleza.
Anakinga mpaka inakwisha,
kisha anajifuta mkono kwenye kanga,
taratibu, kana kwamba umelowa.

Usiku nasahihisha madaftari.
Swali la nne: Nishati huru ni nini?
Shekue ameandika, kwa mwandiko wake wa kukimbia:
*Ni mali yote ya ndani,
toa jotoridi mara vurugu.
Kinachosalia ndicho kinachoweza kufanya kazi.*
Nampa zote tano.

Halafu kalamu nyekundu inakwama hewani.
Mali yote ya ndani.
Toa kilichokwisha tawanyika,
kile kisichokingika kwa kiganja.
Kinachosalia nilikiona saa kumi jioni:
kimepanda baiskeli, kinaelekea Makorora,
kikapu kitupu nyuma,
breki zinalia.